Bondi dhaifu ndo zinazoendesha uhai

Wengi tukisikia kemia ya uhai tunakumbuka orodha: kaboni, hidrojeni, oksijeni, naitrojeni, alafu wanga, protini, mafuta, DNA, unakariri, unafanya mtihani, unasahau. Shida ya orodha ni kwamba inakutajia vilivyomo bila kukuambia vinafanya nini mpaka kiumbe kiwe hai. Ukipima mwili wa binadamu utakuta oksijeni ni takriban asilimia 65 ya uzito, kaboni 18, hidrojeni 10, naitrojeni 3, hizo nne tu zinafika asilimia 96, na hakuna hata moja iliyo adimu duniani, zote ziko hewani, majini na kwenye udongo. Na mtu aliyefariki dakika chache zilizopita ana atomi zile zile kwa kiasi kile kile. Kwahiyo tofauti ya kilicho hai na kisicho hai huwezi kuipata kwa kuhesabu elementi.

Zamani watu walijibu swali hili kwa kusema viumbe hai vina nguvu yao ya pekee ambayo kemia ya kawaida haiwezi kuigusa. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akatengeneza urea, ile ile ya kwenye mkojo, kutokana na chumvi isiyo na uhai wowote, akamwandikia mwanakemia Berzelius kwamba ameipata bila kuhitaji figo. Imani ya zamani haikufa siku hiyo, watu walibishana miaka mingi baadaye, ila tangu hapo ikawa wazi kidogo kidogo kwamba molekuli za mwilini zinafuata sheria zile zile za molekuli nyingine zote.

Mimi naona kwa mtu anayeanza, njia nzuri zaidi ya kuelewa ni kuangalia namna hizi atomi na molekuli zinavyoshikana. Kuna kushikana kwa nguvu na kuna kushikana kwa ulegevu, uhai unahitaji vyote viwili, ila tunavyofundishwa tunakaa sana kwenye ule wa nguvu alafu ule wa ulegevu unapewa sentensi mbili tukasonga mbele. Wakati sehemu kubwa ya kazi inafanyika huko huko kwenye ulegevu.

Tuanze na ule wa nguvu. Atomi mbili zikichangia elektroni, yaani kila moja inatoa ya kwake na zote mbili zinazitumia pamoja, hapo ndo tunapata bondi ya kovalenti. Kaboni ni hodari sana kwenye hili, ina nafasi 4 za kushikana, inaweza kushikana na kaboni nyingine zikafanya mnyororo mrefu, au mduara, au matawi, na bado ikabaki na nafasi ya kushika hidrojeni, oksijeni au naitrojeni pembeni, ndo maana sukari, mafuta, protini na DNA zote zimejengwa juu ya uti wa kaboni. Silikoni nayo ina nafasi 4 na imejaa kwenye mawe na mchanga, ila ikikutana na oksijeni zinashikana mpaka zinakuwa jiwe, wakati kaboni ikikutana na oksijeni inatoka gesi ya kabonidayoksaidi ambayo inayeyuka majini na inatoka mwilini kwa pumzi. Kaboni inarudi kwenye mzunguko, silikoni inabaki imejifunga.

Bondi za kovalenti sio rahisi kuvunja. Ile inayoshika oksijeni na hidrojeni ndani ya molekuli ya maji inahitaji takriban kilojuli 460 kwa moli (kilojuli ni kipimo cha nishati, moli ni fungu la kuhesabia tu, molekuli nyingi mno zinahesabiwa kama kitu kimoja). Sasa linganisha na joto la mwili. Kwenye nyuzi 37 molekuli zote zinatikisika na kugongana muda wote, na huo msukosuko unabeba nishati ya kama kilojuli 2.6 kwa moli. Kwa hesabu hiyo bondi ya kovalenti ikishafungwa inaweza kukaa miaka na miaka bila kuachia, mpaka kitu maalum kije kuifungua.

Ulegevu unaanzia kwenye maji. Ndani ya molekuli ya maji oksijeni inavuta elektroni kuliko hidrojeni, kwahiyo elektroni zinashinda zaidi upande wa oksijeni, upande huo unapata chaji hasi kidogo na upande wa hidrojeni unabaki na chaji chanya kidogo. Molekuli yenyewe imepinda, pembe yake ni nyuzi 104.5, ingekuwa imenyooka hizo chaji zingefutana. Matokeo yake hidrojeni ya molekuli moja inavutwa na oksijeni ya jirani. Hakuna elektroni iliyochangiwa hapo kama kwenye kovalenti, ni mvuto tu wa chanya na hasi, na nguvu yake ni kama kilojuli 20 kwa moli. Hiyo ndo bondi ya hidrojeni. Ni dhaifu zaidi ya mara 20 kuliko bondi iliyo ndani ya molekuli yenyewe, na kwenye maji ya kawaida inafunguka na kufungwa upya ndani ya muda unaohesabiwa kwa sehemu ya trilioni ya sekunde.

Unaweza kuona kama kitu kisicho na maana, mvuto mdogo unaodumu muda mfupi hivyo. Ila angalia ukiwa na mingi. Kuna molekuli inaitwa hidrojeni salfaidi, imejengwa kama maji isipokuwa kwenye nafasi ya oksijeni imekaa salfa, ni nzito karibu mara mbili ya maji na bado inachemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, kwenye joto la kawaida ni gesi. Salfa haivuti elektroni kama oksijeni, kwahiyo bondi za hidrojeni hazipo za kutosha. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 kwa sababu molekuli zake zimeshikwa na majirani pande zote, kila ikiachiwa na mmoja inadakwa na mwingine. Bila hii dunia isingekuwa na bahari kwenye joto hili tulilo nalo. Jasho nalo linafanya kazi kwa sababu hiyo hiyo, gramu moja ya maji ikitoka kwenye ngozi kama mvuke inaondoka na kilojuli 2.4 hivi za joto, manake lazima uzilipie bondi zote za hidrojeni zilizokuwa zimeishika. Na maji yakiganda bondi hizi zinazipanga molekuli kwa nafasi nafasi, barafu inakuwa na ujazo mkubwa kwa karibu asilimia 9 kuliko maji, ndo maana inaelea na samaki wanaendelea kuishi chini yake.

Sasa DNA, na hapa ndo naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu hapa aina zote mbili za kushikana zimewekwa kwenye molekuli moja na kila moja ina kazi yake. DNA ina nyuzi mbili zinazojisokota pamoja. Kila uzi ukiuangalia kwa urefu wake umejengwa kwa sukari na fosfeti, sukari, fosfeti, sukari, fosfeti, zote zimeshikana kwa kovalenti. Kwenye kila sukari kimebandikwa kipande kimoja cha kemikali kati ya vinne, tunaviita herufi, A, T, G au C, nacho kwa kovalenti. Lakini uzi mmoja na mwenzake vimeshikana kwa bondi za hidrojeni, bila kovalenti hata moja, A na T kwa bondi 2, G na C kwa bondi 3. Ni kama zipu, kitambaa cha kila upande kimeshonwa imara ila meno ya katikati yanafunguka. Ujumbe wenyewe, yaani mpangilio wa herufi, umelindwa na bondi ngumu, na nafasi ya kuusoma imeachwa kwenye bondi laini. Seli ikitaka kugawanyika inafungua nyuzi mbili bila kukata hata herufi moja, alafu kila uzi unajengewa mwenzake mpya kwa kufuata A kwa T na G kwa C. James Watson na Francis Crick walipochapisha umbo hili mwaka 1953, wakitegemea sana picha za eksirei zilizotoka kwenye maabara ya Rosalind Franklin, walisema palepale kwamba huu upangaji wa jozi unaonyesha njia ambayo DNA inaweza kujinakili. Ndo uzuri wake, ukishaliona umbo umeshaiona kazi.

Ukitaka ushahidi kwamba bondi hizi mbili ni tofauti kweli, angalia kipimo cha PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, ambacho dunia nzima ilikisikia wakati wa UVIKO-19. Kary Mullis aliibuni njia hii mwaka 1983 na ikampa tuzo ya Nobel mwaka 1993. Unachukua DNA unaipasha mpaka nyuzi 95 hivi, na kwenye joto hilo bondi za hidrojeni zinaachia zote, nyuzi mbili zinatengana, lakini sukari na fosfeti hazitikisiki, kila uzi unabaki mzima na herufi zake zote kwa mpangilio. Unapoza, vipande vidogo vya DNA ulivyoviweka vinajishika vyenyewe pale herufi zinapooana, unapandisha tena joto kidogo na kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) kinajaza uzi wa pili. Umepata mbili kutoka moja. Unarudia mara 30, kila mara inazidi mara mbili, mwisho kipande kimoja kimekuwa zaidi ya bilioni moja. Kimeng'enya chenyewe kilipatikana kwa bakteria anaeishi kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone kule Marekani, kwa sababu cha kiumbe wa kawaida kingeharibika kwenye joto hilo.

Na kwanini kingeharibika? Kwa sababu vimeng'enya ni protini, na protini inaishi kwa ulegevu kuliko hata DNA. Protini inaanza kama mnyororo wa amino asidi, zipo aina 20, zimeunganishwa kwa kovalenti moja baada ya nyingine. Mnyororo ulionyooka hauna kazi. Unaanza kujikunja, sehemu zinazopenda maji zinabaki nje, sehemu zinazokwepa maji zinajificha katikati, chanya inasogelea hasi, bondi za hidrojeni zinafungwa huku na huku, mwisho linatoka umbo moja maalum, na hilo umbo ndo kazi ya protini. Christian Anfinsen alionyesha kwamba protini ukiifungua kwa kemikali mpaka ikapoteza umbo lake alafu ukaziondoa zile kemikali taratibu, inaweza kujikunja tena yenyewe ikarudi kufanya kazi, akapewa Nobel mwaka 1972. Maana yake maelekezo ya umbo yako kwenye mpangilio wa amino asidi zenyewe. Na kinachonishangaza kila nikikifikiria ni hiki: ukijumlisha kila kinachoishikilia protini na ukatoa kila kinachotaka kuifungua, kwa protini nyingi ziada inayobaki ni kama kilojuli 20 mpaka 60 kwa moli, yaani thamani ya bondi chache tu za hidrojeni. Protini iko karibu sana na ukingo wa kuporomoka. Sio kasoro hiyo, protini ngumu kama jiwe isingeweza kujipinda kushika kitu na kukiachia, na protini nyingi kazi yake ni kujipinda.

Kukaa karibu na ukingo kuna gharama yake, na mfano ulio wazi ni selimundu. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ina minyororo 4, miwili ya alfa na miwili ya beta, na wa beta una amino asidi 146. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu ina tofauti ya kimolekuli, alafu miaka michache baadae Vincent Ingram akaipata tofauti yenyewe: amino asidi moja kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya 6, ilitakiwa iwe glutamati, imekuwa valini. Moja tu kati ya 146. Glutamati ina chaji na inakaa vizuri na maji, valini inakwepa maji. Kwahiyo himoglobini ikishaachia oksijeni, hiyo valini iliyobaki nje inatafuta pa kujificha, inapata kishimo kwenye himoglobini ya jirani, inajibana hapo, na jirani anajibana kwa mwingine, mpaka zinafanya nyuzi ngumu ndefu zinazoivuta seli nyekundu ikawa na umbo la mundu. Maumivu yote yale ya mgonjwa yanaanzia kwenye mguso mmoja dhaifu ambao haukutakiwa kuwepo, umerudiwa mara nyingi, manake seli nyekundu moja ina molekuli za himoglobini kama milioni 270.

Utando wa seli nitaupitia haraka. Umejengwa kwa molekuli za mafuta zenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa, ukiziweka majini zinajipanga zenyewe tabaka mbili, mikia ndani vichwa nje, na hakuna bondi ya kovalenti kati ya molekuli moja na jirani yake. Unene wake ni nanomita 4 hadi 5 na unabaki laini kama kimiminika, ndo maana seli inaweza kubonyea, kugawanyika na kujiziba ikitobolewa kidogo. Sabuni inaua virusi vyenye utando wa mafuta kwa sababu hiyo hiyo: molekuli zake nazo zina kichwa na mkia, zinajichomeka katikati ya utando na utando unasambaratika bila kitu chochote kukatwa.

Tuje kwenye nishati, sehemu ambayo naona watu wengi sana wanaipata vibaya, hata wanaofaulu. Tunaambiwa ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, ina bondi yenye nishati nyingi na ikivunjwa nishati inatoka. Hapana. Kuvunja bondi siku zote kunagharimu nishati, bondi yoyote ile, hakuna inayotoa nishati kwa kuvunjika. Nishati inatoka pale bondi mpya zinapofungwa. ATP ina fosfeti tatu zimebanana mstari mmoja, zote na chaji hasi, zinasukumana. Ikikutana na maji fosfeti ya mwisho inaachana na wenzake, bondi moja inavunjika ila nyingine inafungwa, na vipande vilivyopatikana vinakaa kwa utulivu zaidi kwa sababu msukumano umepungua na maji yanavizunguka vizuri. Tofauti kati ya hali ya mwanzo na ya mwisho, kama kilojuli 30 kwa moli kwa vipimo vya kawaida vya maabara, ndo nishati tunayoizungumzia.

Na angalia hicho kiasi. Kilojuli 30 kiko karibu na bondi moja au mbili za hidrojeni. Glukosi ukiichoma yote kwa mpigo inatoa kama kilojuli 2,800 kwa moli, nyingi mno, ingekuwa joto tupu. Seli inaigawa hiyo kwa hatua ndogo ndogo, glukosi moja inatoa ATP 30 hivi, na kila ATP inabeba kiasi kinachotosha kabisa kubadilisha umbo la protini moja bila kuivunja. Msuli unavyojikunja ni protini zinabadilishwa umbo na ATP, moja moja, kwa mabilioni. Mwilini ATP iliyopo kwa wakati mmoja ni kidogo sana lakini inatengenezwa na kutumika tena na tena, kwa siku jumla yake inakaribia uzito wa mwili wenyewe.

Vimeng'enya navyo vinacheza hapo hapo. Molekuli inaingia kwenye kishimo cha kimeng'enya, inashikwa na bondi dhaifu kadhaa kwa wakati mmoja, inakaa mkao ule unaorahisisha bondi yake ngumu kubadilika, alafu inaachiwa. Kipo kimoja kinaitwa kaboniki anhidresi kinachounganisha kabonidayoksaidi na maji, kikiwa kwenye kasi yake kubwa kinashughulikia molekuli kama milioni moja kwa sekunde. Fikiria kingekuwa kinashika kwa kovalenti na haachii mtu, kingefanya kazi mara moja tu maisha yake yote.

Hiyo ndo siri ya aspirini. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazohusika na maumivu na homa, na baadae ikajulikana inafanyaje: inabandika kipande chake kwa kovalenti ndani ya kimeng'enya kinachozitengeneza. Kimeng'enya hicho kimeshaziba moja kwa moja. Ibuprofeni inazuia kimeng'enya hicho hicho ila kwa bondi dhaifu, dawa ikipungua kwenye damu kimeng'enya kinarudi kazini. Sasa chembe sahani za damu hazina kiini cha seli, haziwezi kujitengenezea kimeng'enya kingine cha kutosha, kwahiyo athari ya aspirini kwenye kuganda kwa damu inadumu umri wote wa chembe sahani, siku 7 hadi 10, hata kama dawa yenyewe ilishatoka mwilini siku ile ile. Ndo maana kabla ya upasuaji daktari anaweza kukuuliza kuhusu aspirini uliyomeza wiki iliyopita, mjibu kwa ukweli.

Kaboni monoksaidi iko katikati ya hizo mbili. Himoglobini lazima iishike oksijeni kiasi cha kuibeba na iilegeze kiasi cha kuiachia, kwenye mapafu inajaa karibu asilimia 98, ikipita kwenye mwili uliotulia inaachia kama robo na kurudi na iliyobaki. Kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayotoka kwenye moto unaokosa hewa ya kutosha, inakaa kwenye sehemu ile ile ya oksijeni ila inashika zaidi ya mara 200. Inachukua nafasi na haitoki kirahisi, na himoglobini iliyobaki nayo inaanza kuing'ang'ania oksijeni yake badala ya kuiachia kwenye tishu, kwahiyo mtu anakosa oksijeni huku damu yake ni nyekundu kabisa. Ila bado sio kovalenti ya kudumu kama ya aspirini, inaachia taratibu. Mtu akitolewa kwenye hewa safi ya kawaida inachukua saa 4 hadi 5 kwa nusu ya gesi hiyo kutoka kwenye himoglobini, akipewa oksijeni tupu muda unashuka mpaka kama saa moja na nusu au chini ya hapo, na kwenye chumba cha oksijeni ya presha kubwa ni kama nusu saa, kwa sababu kila mara kaboni monoksaidi inapoachia kwa kitambo kidogo, oksijeni iliyojaa pembeni inawahi nafasi.